Zamu ya Kubonyeza Kalkuleta ya Dada Rangi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya makreti mawili ya soda, mbele ya kibanda cha fundi saa, na mtu wa mwisho upande mmoja akiinuka bila kuaga, wa upande wa pili anakwenda chini. Ndiyo maana watu wa pale hawaondoki haraka. Ni kuhurumiana tu, ingawa wake zao wanaliita jambo hilo kwa jina lingine. Kahawa ya Mama Birika huwahi kufika kuliko wateja, na wateja wenyewe siku hizi ni wa kuhesabu, maana kila mtu anaangalia saa kwenye simu. Mwenye kibanda wamempa jina la Taratibu. Saa ikiingia kwake Jumatatu itatoka Alhamisi, lakini ikitoka itakuwa inasema kweli.

Ng'ambo ya barabara, hatua hamsini kutoka benchini, ndipo lilipo duka la Dada Rangi. Anachanganya rangi za magari. Gari lako likikwaruzwa ubavu, fundi bodi anampelekea kipande cha bati, naye anakutolea kopo la rangi ileile, hata kama kiwanda kilishasahau kwamba kiliwahi kuitengeneza. Siri haiko kichwani mwake, na hajawahi kujifanya iko humo. Iko ndani ya kalkuleta moja kuukuu, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, iliyochomekwa kadi ya kumbukumbu kichwani. Unaiandikia namba ya rangi na lita unazotaka, inakujibu gramu za nyeupe, gramu za nyeusi, gramu za kila kitu mpaka tone la mwisho. Humo mna rangi mia tatu na ushee, alizozitafuta kwa macho na mizani miaka kumi na moja. Zamani zilikuwamo kwenye daftari pia, ila daftari lilimwagikiwa vanishi, kurasa zikashikana, sasa linazuia mlango usijifunge. Alikuwa ameanza kuzinakili upya. Alipofika ya arobaini, kioo cha kalkuleta kikaonyesha alama ndogo kwamba betri ya kadi inakata roho.

Maana kadi ile ina betri yake yenyewe, ya kidonge, na kazi yake ni moja tu: kukumbuka wakati mashine imelala. Betri hiyo ikifa, kadi inabaki tupu kama kopo lililooshwa.

Dada Rangi aliileta saa mbili asubuhi, akaiweka juu ya meza ya Taratibu.

– Fundi, vingine vyote vya dukani vikipotea nitalia siku moja, nisahau. Hii ikifutika, nafunga duka. Nitaipitia saa kumi.

Taratibu alikuwa na betri mpya ya saizi ileile, bado imo kwenye karatasi yake. Alikuwa na bisibisi ya kufungulia kadi na kibano cha plastiki. Kilichomkwamisha ni kitu kidogo sana: abadilishe betri mashine ikiwa imewashwa, au ikiwa imezimwa? Mwaka uliopita alimbadilishia shemeji yake betri ya saa ya mkononi, zile zenye daftari la simu ndani, na namba themanini zikayeyuka kwa mpigo. Mpaka leo shemeji anamsalimia kwa kupitia kwa dada yake. Habari zilizunguka mtaa mzima, wateja wakapungua, na Dada Rangi alikuwa mmoja wa wachache ambao hawakuacha kuja. Kumfutia yeye ndiyo ingekuwa basi tena. Taratibu aliliogopa hilo kuliko alivyoiogopa njaa.

Angeweza kuvuka barabara akamuulize mwenyewe. Lakini yeye ni fundi wa zamani, na fundi wa zamani anaamini kwamba kumuuliza mteja namna ya kufanya kazi ni sawa na kumkabidhi bisibisi. Akawauliza wa benchini, na hapo ndipo siku ilipoharibika.

Wa kwanza kujibu alikuwa Kilowati, fundi umeme aliyepigwa na umeme mara mbili, na kila mara anaihesabu kama mwaka mmoja wa chuo.

– Iwashwe. Mgonjwa unambadilishia dripu akiwa anapumua. Humuui kwanza.

– Izimwe, alisema Hakimu. – Mlinzi habadilishwi kesi ikiwa inaendelea.

Hakimu hajawahi kuwa hakimu. Alikuwa mwita majina mlangoni mwa mahakama kwa miaka thelathini, na tangu astaafu hakuna jambo analoliacha lipite bila hukumu.

– Wewe kazi yako ilikuwa kusema mlalamikaji aingie.

– Na aliingia. Wewe umeme umekuita mara mbili, na mara zote umekwenda.

Kilowati akamwambia mambo ya umeme hayana mheshimiwa. Hakimu akakohoa, akatoa methali, kwa kuwa mtu anayeshindwa hoja pale huwa anakimbilia wazee.

– Usiache mbachao kwa msala upitao. Betri ya zamani ibaki humohumo.

– Betri inakufa, Mheshimiwa.

– Ndiyo maana nasema tusiiache peke yake.

Wa tatu ni Mwisho wa Lami, seremala wa majeneza, ambaye jina lake halihitaji maelezo. Alikuwa anapuliza kahawa. Akasema wanagombania betri bure. Kumbukumbu haikai kwenye betri, inakaa kwenye plastiki. Yeye ameingia vyumba vingi vya marehemu kuchukua vipimo, na chumba hata kikitolewa kitanda na nguo zote bado kinanuka mwenyewe. Dawa ni kuiweka kadi baridini. Maiti ya kwenye barafu habadiliki.

– Habadiliki, alisema Mama Birika akimmiminia, – lakini pia hakumbuki.

Taratibu alisikiliza yote hayo akiwa ameshika kibano hewani. Ilikuwa saa tatu na robo. Angeweza bado kuokoka, kama Kilowati asingegundua jambo. Aligundua kwamba kalkuleta, isipoguswa kwa dakika kumi, inajizima yenyewe kulinda betri zake tatu kubwa za nyuma. Na ikijizima, alisema, mzigo wote unaangukia kile kidonge kinachokata roho. Kwa hiyo mpaka kikao kifikie uamuzi, mashine isilale. Kila dakika tano mtu abonyeze kitufe.

Lilikuwa wazo zuri kwa kulisikia. Upuuzi mkubwa siku zote huja umepiga pasi. Hata Taratibu aliona lina akili, na Hakimu akapasua boksi la biskuti, akachora mistari: jina, saa, sahihi. Taratibu akapewa zamu ya saa nne na nusu, ndani ya kibanda chake mwenyewe, na akaweka sahihi.

Ulizuka ugomvi mwingine kuhusu kitufe kipi. Walikubaliana sifuri, kwa kuwa sifuri haijawahi kumdhuru mtu. Ikaenda vizuri mpaka zamu ya pili ya Mwisho wa Lami, alipobonyeza saba mbele ya macho ya watu. Alipoulizwa alisema anataka mashine ijue kuna watu tofauti. Hakimu akamwandikia onyo kwenye boksi.

Kufika saa sita walikuwa wamesahau kwamba kulikuwa na swali. Kulikuwa na zamu, na zamu inatosha kumfanya mwanamume ajione ana kazi. Kilowati aliruka kuwahi dakika yake, ubao ukapinduka, Mwisho wa Lami akamwagikiwa kahawa mapajani, na hakulalamika hata kidogo. Mama Birika ndiye peke yake aliyebaki na swali lenyewe.

– Mimi moto wangu huwa siuzimi, alisema. – Kaa jipya naliweka ubavuni mwa lililowaka. Likishashika, ndiyo naondoa jivu. Mnaona ugumu uko wapi?

Hakuna aliyemjibu. Alikuwa ameshika birika, na mtu aliyeshika birika pale anahesabiwa kama sehemu ya birika. Taratibu alimsikia, akahisi kitu kinamgusa begani, lakini ilikuwa zamu yake ya kubonyeza.

Mchana nadharia zikaota mapembe. Kilowati akaapa kwamba umeme una kumbukumbu zake wenyewe, maana ule wa pili ulimpiga mkono uleule wa kwanza, ilhali mkono wa pili ulikuwa wazi na karibu zaidi. Mwisho wa Lami akaleta la mahututi: mtu akielekea kwenda, ndugu humwita majina ili asipotee. Basi na mashine iitwe majina ya rangi zake. Hapo Hakimu akasimama. Miaka minane tangu astaafu alikuwa anaisubiri siku ile bila kujua. Akafunga vifungo vya shati, akaielekea kalkuleta, na kwa ile sauti iliyokuwa ikitoa watu vyooni mahakamani, akaanza kuita. Kijani cha chupa, aingie. Fedha ya mawingu, aingie. Maruni namba mbili, aingie na wakili wake. Ng'ambo ya barabara Dada Rangi aliinua kichwa, akatazama, akarudi kwenye mizani yake. Taratibu alitamani ardhi impokee, na wakati huohuo, lazima isemwe, alikuwa anacheka.

– Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, alisema Hakimu akikaa, mwenye jasho na furaha.

– Hiyo ndiyo ya kwanza leo inayoeleweka, alisema Mama Birika. – Ni saa tisa.

Kicheko kikamkauka Taratibu. Saa tisa, na kadi haijafunguliwa.

Ndipo akafika mama mmoja mgeni, saa yake mkononi imekatika mkanda. Taratibu alimwomba asubiri kidogo, kuna kazi nyeti mezani. Mama akakaa pembeni mwa ubao, akapewa kahawa, akatazama watu wazima watatu wakipokezana kubonyeza sifuri na kutia sahihi kwenye boksi. Aliuliza kinachoendelea, wakamweleza wote kwa pamoja. Akafikiri.

– Hiyo betri ndogo hudumu muda gani?

– Miaka miwili, alisema Taratibu. – Ukibahatika, miwili na nusu.

– Na huyo dada anayo mashine tangu lini?

– Miaka kumi na moja.

– Basi za kabla ya hii alibadilisha nani?

Mwisho wa Lami akatazama kikombe. Hakimu akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, kwamba huenda alibadilisha mwenyewe.

– Sasa kama anajua kubadilisha, alisema yule mama, – kwa nini safari hii ameileta hapa?

Zamu ya Kilowati ikafika na kupita. Taratibu aliichukua kalkuleta, akaona pembeni mwa ile alama ya asubuhi pamezuka nyingine, ya betri kubwa. Siku nzima walikuwa wameikeshea mashine huku wakiinyonya. Akatia kidonge kipya, kibano, bisibisi na lenzi mfukoni, akavuka barabara bila kuaga, kama mwanafunzi anayepeleka ripoti mbaya nyumbani.

Dada Rangi alikuwa peke yake dukani, anasubiri mizani itulie. Alitazama kioo, akakunja uso.

– Nani ameimaliza hivi? Betri kubwa niliweka mpya juzi.

Taratibu akamweleza yote, kuanzia dripu mpaka boksi la biskuti. Hakuficha hata zamu yake ya saa nne na nusu. Dada Rangi alicheka mpaka akaegemea rafu ya makopo.

– Na hizi sifuri zote kwenye kioo?

– Za kikao.

– Na hii saba katikati?

– Ya Mwisho wa Lami. Alitaka ijue kuna watu tofauti.

Akacheka tena, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. Halafu akamwambia kazi yenyewe ilivyo. Mashine unaiwasha. Betri kubwa zinaishika kadi, wewe unatoa kidonge cha zamani, unatia kipya, unafunga. Dakika moja. Ameshafanya mara nne.

– Sasa dada, mbona uliniletea mimi?

Dada Rangi aliitoa mikono yote miwili kwenye mfuko wa aproni, akailaza juu ya meza, na Taratibu akaona vidole vikicheza vyenyewe juu ya ubao.

– Ni thina, alisema. – Miaka yote hii nayeyushia rangi huku mvuke wake nauvuta. Kopo bado nalishika. Mizani bado naisoma. Kile kidonge nilikishika juzi nijaribu, kikaanguka mara tatu. Nikasema kikiniponyoka nusu kiko ndani nusu kiko nje, nimekwisha.

– Daktari amesemaje?

– Nivae barakoa, nipumzike. Barakoa nimenunua. Kupumzika, mafundi bodi wakijua kwa nini, nani ataniletea bati? Rangi hupimwa kwa tone, fundi. Nani atasadiki tone la mkono huu?

Taratibu aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Siku nzima alikuwa amelilinda jina lake, na kumbe mwenzake alivuka barabara asubuhi kuja kuazima mikono. Akavuta kiti.

– Tuanze na kubwa, alisema.

– Tuanze nazo, za akiba zimo kwenye droo, ila ukizitoa kadi inabaki na hicho kidonge kinachokufa, alisema akimtazama. – Fundi, nakuomba. Leo usiwe Taratibu.

Hakuwa. Mfuniko wa nyuma, betri tatu nje, tatu mpya ndani, mfuniko. Dada Rangi alikuwa anahesabu kwa sauti, akafika kumi na tisa. Kalkuleta ikawashwa. Taratibu akatia lenzi jichoni, akafungua kadi kwa ncha ya bisibisi, akakivuta kidonge cha zamani kwa kibano, akateleza kipya mahali pake, akafunga. Mkono wake haukutikisika, wala hakuwa na habari nao. Alikuwa anausikiliza ukimya wa mtu aliyesimama nyuma yake.

– Mia mbili kumi na nne, alisema Dada Rangi. – Lita moja.

Taratibu akaiandika namba. Kioo kikafikiri, kikatoa gramu, mstari baada ya mstari. Dada Rangi alikuwa amefumba macho, midomo inakwenda sambamba na namba, na alipofika ya mwisho akashusha pumzi.

– Ndiyo yenyewe.

Taratibu akasema kwamba kesho akifunga kibanda atapita na daftari jipya na kalamu. Dada Rangi atasoma, yeye ataandika. Zimebaki mia mbili na sitini na ushee, na mwandiko wake si mbaya.

– Na watu wa benchini watauliza unafuata nini huku, alisema Dada Rangi.

– Waache waulize.

Aliporudi, benchi zima lilikuwa limesimama kumpokea, isipokuwa yule mama wa mkanda, ambaye alikuwa amehamia katikati ya ubao, ameshakunywa kikombe cha tatu na kuanza kuzoea.

– Imewashwa au imezimwa? aliuliza Kilowati.

– Imewashwa. Yote yamo.

Kilowati akanyoosha mikono juu kama aliyefunga goli. Hakimu akatangaza kwamba atakata rufaa. Mwisho wa Lami alitaka kujua kama ile saba yake ilisaidia, akaambiwa ilionekana, akaridhika.

– Na lile swali langu? alisema yule mama. – Kama huwa anabadilisha mwenyewe, alikuletea wewe kwa nini?

Wote wakamgeukia fundi. Taratibu akaketi mezani, akatia lenzi jichoni, akaivuta saa ya yule mama karibu na taa na kuanza kutafuta pini ya mkanda.

– Sijui, mama, alisema. – Sikumuuliza.

Hakimu akajipiga kofi gotini. Akasema siri imefichuka: dada yule ana fundi wake mwingine mahali, fundi wa maana, ambaye wiki hii amesafiri, na huyu wetu alikuwa tairi la akiba tu. Kilowati akasema ndivyo hasa. Mwisho wa Lami akasema yeye aliliona hilo tangu asubuhi, ila hakutaka kumvunja mtu moyo. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile benchi lote kukubaliana, na walicheka kwa raha sana. Taratibu aliwaacha wacheke, akaingiza pini, akauvuta mkanda kuona kama umeshika.